Lebo yangu ilisema pamba

Ajenti wangu wa forodha alichomoa uzi mmoja kwenye pindo la shuka, akaubana kwa kibanio cha kung'olea nyusi, akawasha kiberiti.

Tulikuwa wanne ndani ya kiofisi cha mabati kando ya ghala, upande wa Embakasi, Nairobi, mwendo wa saa tano asubuhi. Uzi ulishika moto mara moja, ukanuka kama karatasi inayoungua. Nikashusha pumzi. Ajenti akauzima, akaviringisha masalio kati ya vidole viwili, akanimiminia kiganjani. Katikati ya majivu palikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya mchanga.

"Pamba haiachi hii," akasema. "Pamba huwa vumbi tu, ukipuliza imekwenda. Hii ni plastiki iliyoyeyuka, Mama Duveti."

Mama Duveti ndilo jina langu huko, maana naagiza duveti na shuka kutoka nje na kuziuza dukani. Afisa wa forodha alikuwa amesimama mlangoni, kashika pakiti moja ya mzigo wangu. Kwenye kadi ya ndani, kwa maandishi ya Kizungu ya rangi ya dhahabu, paliandikwa: pamba, asilimia 100.

"Sasa mama," akaniuliza kwa upole kabisa, "nisome hii lebo au nisome hizi hati zako?"

Wiki sita zimepita na swali lile bado linanikwaruza.

Kodi na kodi

Nilipoanza biashara hii, ajenti wangu alikuwa akinipigia simu na kusema, "Nitumie kodi ya mzigo." Nikawa namtumia pesa kwa simu. Siku ya tatu akacheka hadi akakohoa. Kodi aliyoitaka ilikuwa "code" ya Kizungu, ile namba ya bidhaa, ya mfumo ambao forodha za karibu dunia nzima zinautumia tangu Januari 1988: tarakimu sita zinazofanana kila mahali, kisha Afrika Mashariki tunaongeza mbili zetu. Kodi ya pili, ile ya kulipa, huja nyuma ya kodi ya kwanza kama ng'ombe nyuma ya mchungaji.

Mwenye duka wa kawaida huijua ile ya pili tu. Kuna ushuru wa forodha, juu yake ada ya hati ya kuagiza, tozo ya reli, na VAT ya asilimia 16 inayokokotolewa baada ya ushuru kujumlishwa. Tunaguna, tunalipa. Ile namba tunamwachia ajenti, kama tunavyomwachia fundi kujua spana ya ngapi.

Nami niliiacha hivyo kwa miaka miwili.

Kilichomo ndani

Somo langu la kwanza halikuwa la pamba. Lilikuwa la duveti, na nililipata palepale ghalani wakati afisa anakagua.

Alitoa duveti kwenye mfuko wake wa zipu, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaniambia kwamba hii haiko pamoja na vitambaa. Iko sura ya 94 ya lile jedwali la namba. Sura ya fanicha. Meza, viti, kabati, godoro, mto, duveti.

Nikadhani ananitania. Mtu ananunua duveti na shuka duka moja, zinalala kitanda kimoja, zinafuliwa beseni moja. Lakini kadiri ajenti alivyonieleza, ndivyo nilivyoona kwamba mfumo huu una akili yake. Unauliza swali moja: je, kuna kitu kimejazwa ndani? Kama kimejazwa, ni kifungu cha 9404, na haujali kama ni manyoya ya bata, nyuzi za plastiki au sufi ya mti wa msufi. Kama ni kitambaa kitupu cha kutandika au kuvika, kinarudi sura ya 63: blanketi 6301, shuka na foronya 6302, kitanda kizima kikifunikwa kwa kitambaa cha urembo kisichojazwa, 6304. Ile foronya kubwa ya kuvalisha duveti, ikija peke yake, ni ndugu wa shuka. Ikiwa na duveti yake ndani ya pakiti moja ya kuuzia, habari nyingine.

Bibi yangu, mtu wa Mombasa, alikuwa na neno la hiki kitu kilichojazwa: mfarishi. Hakuwahi kuchanganya mfarishi na shuka, na hakuhitaji toleo la mwaka 2022 la jedwali kumpa duveti kijinamba chake yenyewe, 9404.40. Sisi wa Nairobi ndio tuliosahau neno, tukabaki na "duveti" kwa kila kitu kinene.

Zile seti, sasa. Wateja wangu wanapenda seti: duveti ya sita kwa sita, shuka moja, foronya mbili, vyote ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu na mshikio. Kisheria kila kimoja kina kifungu chake. Lakini kuna kanuni sita za kusomea jedwali lile, na ya tatu inasema kwamba vitu mbalimbali vilivyopangwa pamoja kwa ajili ya hitaji moja, tayari kumfikia mnunuzi bila kufunguliwa, vinahesabiwa kwa kile kinachoipa seti tabia yake. Katika seti yangu hicho ni duveti. Hivyo foronya zangu mbili zilivuka mpaka kama fanicha.

Ukizipanga foronya hizohizo kwenye katoni yake, zinakuwa vitambaa tena. Zipu moja ya plastiki ndiyo inayoamua.

Seti zilipita bila maneno. Tatizo lilikuwa katoni za shuka za kuuzwa moja moja.

Asilimia 50

Jedwali la ushuru la Jumuiya ya Afrika Mashariki lina viwango vinne tangu Julai 2022: sifuri, 10, 25 na 35. Pembeni kuna orodha ya bidhaa nyeti, zile ambazo nchi zetu zimeamua kuzilinda zaidi. Sukari imo, mchele umo. Kanga, kikoi na kitenge vya pamba vimo. Shuka na foronya za pamba nazo zimo, kwa asilimia 50.

Za nyuzi bandia hazimo.

Unaona sasa kwa nini afisa alishika ile lebo. Hati zangu zilisema shuka za nyuzi bandia. Kadi ya dhahabu ilisema pamba tupu. Ningekuwa mimi ni yeye, ningedhani nimemkamata mwizi wa kawaida: huyu mama ana pamba, anaiita polista ili alipe kidogo.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya teksi. Shuka zile zilikuwa na thamani ya forodha ya kama shilingi 400,000. Kwa asilimia 50, ushuru ni 200,000. Nikichukua 35, kiwango cha juu kabisa cha vile vinne, ni 140,000. Tofauti 60,000, na VAT juu ya tofauti hiyo 9,600. Jumla 69,600. Hiyo ni kodi ya duka langu la Isili ya mwezi mzima na chenji ya stima.

Hapo ndipo ajenti alipoitisha kiberiti.

Serikali ilikuwa inajua

Baada ya ule uzi kuungua, ajenti akafungua faili yangu. Akanionyesha ankara ya kiwanda, ukurasa wa pili, mstari ambao sikuwahi kuusoma: polista 65, pamba 35. Akafungua ankara ya safari iliyotangulia. Vilevile. Na ya kabla yake.

"Mimi huandika kile kilichoandikwa hapa," akasema. "Sijawahi kukudanganyia mtu."

Sheria ya michanganyiko haina ugumu. Nyuzi inayozidi kwa uzito ndiyo inayobeba jina la kitambaa chote. Zikilingana nusu kwa nusu, ile ya sura ya nyuma zaidi kwenye jedwali hushinda. Pamba ni sura ya 52, nyuzi bandia fupi ni ya 55, kwa hiyo hata sare ni ushindi wa polista. Kwa 65 kwa 35 hakuna hata la kujadili.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiangalia zile ankara tatu.

Miaka miwili serikali imekuwa ikiambiwa ukweli kuhusu shuka zangu.

Waliokuwa wakiambiwa uongo ni wateja.

Najua utasema ni kiwanda kilichoandika lebo. Nami nilijiambia hivyo kwenye matatu, kuanzia Embakasi hadi Pangani. Lakini kila oda, yule binti wa kiwandani huniuliza kwa ujumbe wa simu kama kadi ibaki ileile. Na kila oda mimi humtumia kidole gumba. Nimerudi nikazihesabu: vidole vinne.

Pia kuna neno lenyewe, pamba. Kwa Kiswahili chetu cha dukani, pamba ni ile inayomea shambani, na pamba pia ni chochote cheupe kinachojazwa ndani ya mto, hata kama kimetoka kwenye kisima cha mafuta. Mteja akiuliza, "Hii ni ya pamba?" nilikuwa najibu, "Eeh, pamba safi," na ndani ya kichwa changu kulikuwa na kichochoro kidogo cha kutokea. Jedwali la forodha halina kichochoro hicho. Linataka uzito.

Wazo ambalo naona haya kuliandika

Afisa alinipa njia mbili. Nikubali namba ya pamba, nilipe, nichukue mzigo kesho yake. Au nishikilie kwamba si pamba, sampuli ipelekwe maabara, nisubiri, na ghala liendelee kunihesabia siku. Ajenti akaniongezea ya tatu: hata nikilipa, nina siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya na Kamishna, kisha kuna baraza la rufaa.

Usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya pesa.

Nilikuwa nafikiria kulipa.

Nililiona wazo lenyewe limejipanga vizuri kabisa. Nikilipa ushuru wa pamba, nitakuwa na hati ya serikali inayosema pamba. Lebo na hati vitakubaliana. Mteja akilalamika nitamwambia, tazama, hata forodha wanajua. Shilingi 69,600 ili uongo wangu upigwe muhuri. Niliona hata ni nafuu.

Asubuhi nikampigia ajenti. Nikamwambia tumalize, niandikie pamba.

Akanyamaza kidogo. Yeye ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na huwa ananiheshimu kupita kiasi. "Mama," akasema, "ushuru haubadilishi uzi. Halafu ukiniambia niandike pamba na mimi nimeuchoma ule uzi kwa mkono wangu, hilo ni tamko la uongo, hata kama linakuumiza wewe mwenyewe. Leseni ni yangu."

Nilimkasirikia. Nikakata simu. Nikampigia tena baada ya robo saa, nikasema wapeleke sampuli.

Ilichukua siku tisa. Majibu yakaja: polista imezidi. Nililipa nilichostahili kulipa, pamoja na gharama za ghala ambazo zilikula karibu theluthi ya ile tofauti niliyookoa.

Nilipopita Gikomba

Katika zile siku tisa sikuwa na mali dukani, nikawa nashuka Gikomba kutazama wanaofungua bela za mitumba. Nilitaka kujua kama shuka lililovaliwa na kitanda cha mtu Uingereza nalo lina maswali haya.

Halina. Kitambaa kikiwa na dalili za wazi za kutumika, na kikaja kwa wingi ndani ya bela au gunia, kinaacha jina lake. Shuka, blanketi, suruali, hata kofia na viatu, vyote vinakuwa kifungu kimoja, 6309, na hakuna anayeuliza ni pamba au polista. Ni kama uzee: mbele ya daktari wa wazee, waziri na mpiga debe wote ni magoti.

Isipokuwa duveti. Hata ikichakaa vipi, kimejazwa kitu ndani, na orodha ya mitumba haiitaji. Inabaki fanicha yetu ileile.

Mama mmoja alikuwa akichagua mashuka meupe, akiyasugua kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio. Nikamuuliza anasikiliza nini.

"Pamba haipigi kelele, kasta," akaniambia bila kuniangalia. "Hizi zingine zinalia swiii."

Sijui ni wangapi duniani wanaoweza kufanya hivyo kwa sikio. Nikajaribu. Sikusikia kitu. Nikanunua shuka moja alilolikubali yeye, nikafika nyumbani nikachoma uzi. Majivu tu.

Kadi 240

Mzigo ulipofika Isili, tuliketi sakafuni mimi na binti yangu, tukafungua pakiti moja moja kutoa kadi za dhahabu. Mia mbili na arobaini. Niliagiza kadi mpya kwa mtu wa uchapishaji pale River Road, nyeupe, maandishi meusi: polista 65, pamba 35, fua kwa maji vuguvugu.

Jirani yangu wa duka, anayeuza mapazia, alikuja na chai yake akasimama kutuangalia.

"Isili yote ni pamba," akasema. "Wewe utakuwa peke yako na polista."

Hakukosea sana. Wiki ya kwanza watu walishika pakiti, wakasoma, wakairudisha. Mmoja aliniambia nimeanza kuleta mali feki. Nikamwambia ni ileile aliyonunua Desemba. Hilo sikupaswa kulisema hivyo, maana aliondoka na uso ambao bado nauona.

Nimeshusha bei. Sitajifanya kwamba zinauzwa kama zamani. Shuka la polista mchanganyiko si kitu kibaya. Linakauka upesi hata Julai, halihitaji pasi, na kwa mwenye watoto watatu na kamba moja ya kuanikia hilo si jambo dogo. Ningeweza kuliuza kwa sifa zake tangu mwanzo. Sikujaribu hata siku moja.

Oda ijayo nimeomba katoni mbili tu za pamba tupu, kwa ushuru wake wa asilimia 50, nione kama kuna watakaolipa bei hiyo. Safari hii ankara nimeisoma hadi ukurasa wa mwisho, na nimemwambia ajenti aombe uamuzi wa namba mapema kabla meli haijafika. Binti wa kiwandani aliponiuliza kuhusu kadi, nilimwandikia aya nzima. Akanijibu kwa kidole gumba.

Mwalimu wa Buruburu

Kuna mteja mmoja niliyemwacha mwisho, kwa sababu nilimwogopa.

Ni mwalimu mstaafu, anaishi Buruburu, anamtunza mama yake ambaye hainuki kitandani. Mwaka jana alikuja dukani akaniambia waziwazi: mama anatoka jasho sana usiku, ngozi ya mgongo imeanza kuchubuka, ameambiwa atafute shuka za pamba. Akanunua sita. Alilipa bila kupunguziwa, akaniombea baraka.

Miezi miwili baadaye alinipigia. Hakuwa amekasirika. Alitaka tu kujua kwa nini mashuka yametoa vijidonge kama sweta, na kama afue kwa sabuni nyingine. Nikamwambia abadilishe sabuni.

Hilo nililisema. Abadilishe sabuni.

Jumapili iliyopita nilimpigia. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya utangulizi, habari za lebo, habari za kiwanda, lakini aliponisalimia na kuuliza watoto, nikaona nitazunguka hadi jioni. Nikasema, "Mwalimu, zile shuka sita si pamba. Ni theluthi tu. Nilikuwa na uwezo wa kujua na sikutazama. Nataka kukurudishia pesa zako."

Kimya. Nilisikia redio yake, kipindi cha mahubiri.

"Za mama," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Za mama."

"Na wewe umejuaje sasa?"

Nikamweleza ule uzi, kiberiti, ile punje. Nilidhani atakata. Badala yake akaniuliza kibanio kilikuwa cha aina gani, na uzi ulitolewa upande gani wa shuka, ule wa kwenda au ule wa kukata, kama mtu anayesahihisha daftari.

Jana saa nne alikuja. Alikuwa na mfuko wa kitenge, ndani yake shuka moja lililokunjwa mara nne, la rangi ya maziwa, lililopauka katikati pale mama yake anapolala. Nilikuwa nimeweka bahasha ya pesa zake juu ya kaunta tangu asubuhi. Hakuigusa. Alitandaza kona ya shuka mbele yangu, akafungua mkoba, akatoa kibanio cha nyusi na kiberiti.

"Chomoa wewe," akasema. "Mimi nitawasha."